Nyumba Aliyoijenga kwa Mdomo

Sitaandika jina lake. Kwanza angekasirika, na pili hakuna aliyekuwa akilitumia. Kuanzia Kibirichia hadi sokoni Gakoromone aliitwa Bwana Shamba, kama maafisa wote wa kilimo walivyoitwa zamani. Alipostaafu waliletwa vijana wawili, mmoja baada ya mwingine, kuchukua nafasi yake, na wote wawili waliitwa tu "yule kijana wa kilimo". Bwana Shamba alibaki yeye.

Mimi nina bucha mjini Meru, hatua chache kutoka Gakoromone, naye amekuwa mteja wangu wa Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alinunua nusu kilo yenye mfupa kwa supu ya mkewe, na matumbo kwa ajili yake mwenyewe. Hakuwahi kubishana bei. Alichobishania ni malisho. Alikuwa anasimama mbele ya nyama iliyoning'inia, miwani imeshuka puani, na kuniuliza, "Ustadh, huyu ng'ombe alikula nini?" Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Majengo, na kwake kila Mwislamu alikuwa ustadh, hata asiyejua zaidi ya sura fupi fupi kama mimi. Nikimwambia sijui, ananyoosha kidole. "Ona hii mafuta ni ya njano. Huyu alikula nyasi ya ukweli. Yule wa wiki iliyopita alikuwa anakula makaratasi ya mjini." Wateja waliosimama nyuma yake walimwamini kuliko walivyoniamini mimi, na kuna Jumamosi alizoniuzia nyama na nyingine alizonifukuzia watu.

Alikuwa mrefu na mkavu. Alivaa tai kila siku, sweta juu ya tai, na miguuni gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Gambuti hizo alienda nazo benki na harusini. Mazishini pia alizivaa, na huko alikuwa na tabia nyingine iliyowafanya watu wainamishe vichwa ili wasicheke: kabla jeneza halijashushwa, alisogea ukingoni na kuchungulia shimo kwa makini. Siku tulipomzika jirani yake mmoja, alimwendea mjane, akamshika mkono na kumwambia kwa upole wote alionao, "Mama, futi tatu za juu ni nzuri sana." Mjane alimshukuru. Nadhani alielewa kwamba hiyo ndiyo rambirambi kubwa kabisa mtu yule aliyoweza kutoa.

Neno lake lilikuwa "Hiyo nimesomea." Ukisema mvua itachelewa, hiyo amesomea. Ukisema mtoto ana minyoo, hiyo pia amesomea, kwa kuwa minyoo nayo hupitia udongoni. Jumamosi moja mama muuza viazi aliapa mbele ya watu kwamba viazi vyake ni vya Kibirichia. Bwana Shamba aliokota kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akanusa, kisha akaweka ule udongo kwenye ncha ya ulimi. Niligeuza uso. Tabia ile sikuizoea kamwe.

"Mama," akasema, "hivi viazi vimesafiri. Hii udongo si yetu."

Yule mama alimtukana kwa Kimeru hadi akaishiwa, halafu akacheka na kukubali kwamba vimetoka mbali, upande wa Nyandarua. Akampa kimoja bure. Bwana Shamba akakataa, eti hawezi kula ushahidi.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa majivuno tu. Mwaka ambao ugonjwa ulishika viazi huko juu, alizunguka boma kwa boma kwenye mvua, kwa miguu, ingawa alikuwa ameshastaafu na hakuna aliyemtuma. Aliwachimbia wajane mashimo ya mbolea. Bustani yake mwenyewe, lakini, ilikuwa aibu. Sukuma wiki yake ilijaa chawa wa mboga, na kama si mkewe kuipitia jioni, wangekuwa wakinunua mboga kwa watu aliowafundisha kulima. Ukimtajia hilo anasema daktari hajitibu. Nikamwuliza kama daktari pia hajipalilii, akanuna hadi Jumamosi iliyofuata.

Jambo moja hakulijua kabisa: kusema amekosea. Mkewe ndiye aliyenisimulia kisa cha Mbeere, kule chini Embu kwenye joto, alikohamishiwa kazi akiwa bado kijana. Aliwaambia watu wapande mahindi. Bibi mmoja mzee akasimama barazani na kusema mvua ya mwaka ule haitafika mwisho, heri mtama na ndengu. Bwana Shamba akamjibu mbele ya watu wote kwamba hiyo amesomea. Mahindi yalikauka yakiwa hayajapita magoti. Msimu uliofuata yule bibi alitoka nje asubuhi akakuta mtu wa serikali, na tai yake shingoni, anamlimia shamba. Alilima siku tatu, akaondoka. Hakuomba msamaha, na bibi hakumdai. Mdomo wake ulijua kufundisha tu, na kukiri makosa aliiachia mikono.

Mkewe nilimwita Mwalimu, kama kila mtu. Alifundisha darasa la tatu maisha yake yote, na binti yangu ni mmoja wa aliowafunza kusoma. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kupenya ukuta. Kisha kifua kikamwanza. Nyumba yao iko juu kabisa, karibu na msitu, na mwezi wa saba ukungu huingia hadi jikoni. Kila mwaka baridi ilimchukulia kitu. Kwanza ilimchukulia kuimba kanisani, mwaka uliofuata kupanda kilima, halafu ikamchukulia kusema sentensi nzima. Alisema maneno matatu, akapumzika, akasema mengine matatu. Daktari akawaambia wazi: akihamia mahali pa joto ataishi vizuri, akibaki kule juu kila Julai itakuwa bahati nasibu.

Ndipo Bwana Shamba akaamua kumnunulia ploti pwani na kumjengea nyumba.

Wakati huo Kilifi ilikuwa mdomoni mwa kila mtu hapa kwetu. Wafanyabiashara wa miraa kutoka Maua, walimu, watu wa ofisini, kila mmoja alikuwa na ploti kule, au na shemeji mwenye ploti, au angalau na picha ya ploti kwenye simu. Dada yangu ameolewa Kilifi, na alikuwa akinisimulia jinsi barabara zinavyofunguliwa, na nyumba za ghorofa zinavyosimama mahali ambapo mwaka juzi palikuwa na mikorosho tu. Mimi nami nilikuwa na kiu yangu. Sisi wa Majengo tumezaliwa na kuzikwa Meru vizazi vitatu, na hatuna karatasi hata ya mahali choo kilipo. Nilitaka, kabla sijafa, nishike hati moja yenye jina langu. Kwa hiyo mwezi wa pili nikafunga bucha siku nne, tukaenda pamoja.

Alishuka Kilifi na tai yake, na sweta. Shemeji yangu akatupeleka kwa dalali, kijana Mgiriama mpole aliyetutembeza bila haraka. Zilikuwa zimebaki ploti mbili katika ule mstari, bei moja. Ya juu ilikuwa mwamba mtupu, jiwe la matumbawe la kijivu lenye meno, na vichaka vya miiba. Ya chini, mwendo wa dakika mbili hivi, ilikuwa tambarare, udongo mweusi, majani mabichi katikati ya Februari wakati Kilifi yote imeungua.

Bwana Shamba alipiga magoti. Akachimba kwa kisu chake kidogo, akaufinyanga ule udongo, akaunusa, na ulimi pia ukafanya kazi yake. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ustadh," akaniambia, "hapa ukipanda kijiti ya meno, inaota."

"Mzee," dalali akasema, "hiyo ya chini watu hawaichukui. Kama ni kujenga, chukua ya juu. Jiwe lenyewe utalikata hapo hapo uinulie ukuta."

"Hawachukui kwa sababu hawajui," akamjibu. "Hiyo nimesomea." Kisha akanivuta kando. "Huyu kijana anawekea rafiki yake. Nani anauza kitu na anakwambia usinunue?"

Hilo ni kosa la watu wa mlimani. Kwetu ardhi ni kile kinachoota juu yake. Baba akigawa shamba, kila mtoto hulilia upande wa udongo mwekundu, na aliyepewa mawe huhesabiwa kuwa amechukiwa. Hatujafundishwa kuitazama ardhi kama mahali pa kusimamisha ukuta tu. Na mimi, mtu wa mjini nisiyejua kupanda hata dania, nilimeza maneno ya Bwana Shamba kama yalivyo. Niliitaka ile ya chini kwa moyo wote. Lakini yeye ni mkubwa wangu, akachagua kwanza. Mimi nikanunua ya juu, nikarudi Meru na jiwe langu, nimenuna njia nzima, naye akinifariji: "Usijali. Utafuga mbuzi."

Mwezi wa tano dada akanitumia picha kwa simu. Ploti ya Bwana Shamba ilikuwa bwawa. Vigingi vya mpaka vilionekana ncha tu, na watoto wa majirani walikuwa wakiogelea. Pale ndipo maji ya mtaa mzima hushukia kila masika, na ndiyo sababu udongo ulikuwa mzuri vile, kwa kuwa ni maji yaliyouleta, mwaka baada ya mwaka. Bwana Shamba aliusoma udongo sawasawa. Alichosahau ni kuuliza ulifikaje pale.

Nilimwonyesha picha Jumamosi. Aliitazama sana, akanirudishia simu.

"Itakauka," akasema.

Ilikauka kweli, na ilipokauka alienda akachimba mitaro. Akaleta fundi, fundi akachimba msingi, na msingi ukajaa maji kutoka chini kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Mwaka wa pili mambo yakawa yale yale. Sikuvumilia, nikamwambia, "Bwana Shamba, jenga kwangu. Lile jiwe limekaa bure."

Alinitazama kana kwamba nimempimia nyama ya punda. "Mimi? Nijenge kwa ploti ya mtu, na yangu iko?" Akaondoka bila matumbo yake. Kwa miezi miwili alinunua nyama kwa jirani yangu, ambaye ng'ombe wake sijui hula nini. Kisha akarudi. Aliuliza tu mafuta yana rangi gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nililificha kwa karibu mwaka mzima, na kulificha kulinichosha kuliko kubeba paja la ng'ombe.

Alhamisi moja ya Julai, mwaka wa tatu tangu tununue, Mwalimu aliingia buchani peke yake. Alikuwa amevaa sweta mbili na leso juu yake. Nilimwekea kreti ya soda, akaketi, akapumua kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Wewe, umeiona... hiyo nyumba?"

"Nyumba gani, Mwalimu?"

"Ya Kilifi. Iko na veranda."

Sikujua kuna nyumba. Nilijua kuna bwawa. Nikashika shoka, nikaliweka, nikaanza kupanga visu. "Naona... iko sawa tu, Mwalimu."

Akacheka hadi kikohozi kikamkamata. "Usijisumbue. Nimefundisha darasa la tatu... miaka mingi. Mtoto akidanganya... anaanza kupanga vitu kwa meza."

Nikaviacha visu.

Akanieleza polepole. Kila mzee aliporudi kutoka Kilifi alimletea kipande cha nyumba. Mara ya kwanza alisema msingi umechimbwa, na ilikuwa kweli. Safari iliyofuata, macho ya mkewe yakimngoja, alisema kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Yakafuata mabati, dari, rangi ya maziwa. Alikuwa akimjengea kwa mdomo, chumba baada ya chumba, wakiota moto jikoni, na kila swali la Mwalimu lilizaa kabati au rafu. Kwa nini wasihamie? Fundi wa maji bado. Fundi wa stima bado.

"Kwanza dirisha ya chumba yetu... ilikuwa inaangalia bahari," akasema. "Mwezi uliofuata... inaangalia msikiti. Nyumba gani hiyo... inazunguka?"

"Mwalimu, si umwambie tu unajua?"

"Nikimwambia ataanguka. Kufundisha anajua... makosa hajui kuyabeba. Wacha ayalete mwenyewe." Akanikazia macho kama alivyowakazia watoto. "Akikuja kwako, usimkatalie. Na usimwonyeshe... ulikuwa unamngoja."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakufa nikiwa... na nyumba nzuri," akasema, "yenye inazunguka."

Alicheka tena, mimi nikashindwa kucheka. Nilitaka kulia pale pale, mtu mzima, na aproni yangu ya damu.

Nilimkasirikia Bwana Shamba, nasema wazi. Jumamosi zote za mwezi ule nilimpimia nusu kilo yake bila kumtazama. Mtu anakwenda kumpoteza mke kwa kushindwa kusema neno ambalo watoto wa chekechea hulisema kila siku! Halafu nilimwona akihesabu mifupa ya supu kwa macho, akitafuta yenye uboho mwingi kwa ajili ya mkewe, na hasira ikanitoka. Angekuwa hampendi, angemwambia ukweli siku ya kwanza na kwenda zake kulala.

Agosti Mwalimu akalazwa. Siku tisa. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta mumewe kwenye benchi la nje, na gambuti zake, amenyooka kama mtu anayengoja kuitwa. Mwalimu alitoka hospitali, akarudishwa kule kule juu kwenye ukungu.

Wiki tatu baadaye, Jumapili alasiri, nilisikia hodi nyumbani kwangu Majengo. Bwana Shamba hakuwa na desturi ya kutembelea watu, watu ndio waliomtembelea. Alikuja na mzee wa kanisa lao, na mikononi amebeba kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Mtu yeyote wa Meru anakijua kifurushi kile. Hupelekwa mtu anapokwenda kuomba mke, au kuomba jambo zito linalolingana na kuomba mke. Mke wangu alikiona dirishani, akakimbilia chumbani kwa binti yetu, ambaye ana kazi yake ya ofisi na mipango yake mwenyewe.

"Vaa lile gauni la Idi," nikamsikia akinong'ona.

"Kwani ni nani amekuja? Mama, hao ni wazee!"

"Nyamaza, vaa. Pengine wametumwa."

Mimi nilichokuwa nikitazama ni mikono iliyobeba kile kifurushi. Miaka mingi ya kazi yake alizunguka Laare na Maua akiwaambia watu wang'oe miraa wapande chakula. Alikuwa radhi kuvuka barabara ili asipitie penye vibanda vya miraa. Leo ameibeba kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Tulipoketi, mzee wa kanisa akaanza kama ilivyo desturi. "Tulipita Kilifi, tukaona msichana wa hii boma amekaa peke yake, hana mtu wa kumwangalia..."

"Wacha, mzee," Bwana Shamba akamkata. "Hiyo ni ya kuzunguka." Akaweka kifurushi mezani, akavua kofia. "Ustadh, mimi nilikosea."

Hata mke wangu nyuma ya pazia aliacha kunong'ona, na hilo si jambo la kila siku.

"Ile udongo nilisoma vizuri," akaendelea. "Hata leo ni mzuri. Lakini nilinunua kama mtu anaenda kulima, na tulikuwa tunatafutia mama mahali ya kulala. Yule kijana aliniambia, nikasema ananificha. Wewe uliniambia, nikahama bucha. Sasa ni miaka miwili nadanganya mama. Nimemwambia nyumba iko. Kule hospitali aliniuliza tutaenda lini, nikamwambia fundi wa stima bado." Akakisogeza kifurushi upande wangu. "Naomba hiyo jiwe yako. Nijenge, akae. Sitaki kuzika mama kwa baridi."

Nisijifanye malaika. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na yalipofika moyo uliniuma. Ile hati ilikuwa ndani ya sanduku la mke wangu, imekunjwa kwenye kanzu ya marehemu baba, na kuna jioni nilikuwa naitoa kuitazama tu. Nilitazama kifurushi mezani. Kwa desturi, aliyeombwa akikubali, hukifungua yeye mwenyewe. Nikakifungua.

Tukapatana: ploti ibaki kwa jina langu, yeye ajenge, wakae hadi Mungu awaite wote wawili, kisha kuta ziwe zangu. Mzee wa kanisa akaandika, tukatia sahihi. Binti yangu alienda kuvua gauni akiwa na hasira ambayo haijaisha hadi leo. Mlangoni Bwana Shamba alinishika mkono akaukaza.

"Kitu moja, Ustadh. Mama asijue."

"Hatajua," nikasema, nikajishughulisha na komeo la mlango.

Jiwe likakatwa pale pale, kama dalali alivyosema, na kuta zikapanda bila kukawia. Dada yangu alikuwa akinipa habari. Fundi hakuwahi kupata mteja wa namna ile. Mzee hakuwa na ramani, alikuwa na kumbukumbu ya ahadi zake. "Hapa ni kabati." "Mzee, hapa tumeweka mlango." "Hapana. Nilishasema kabati." Chumba cha kulala kikapata madirisha mawili, moja la bahari na moja la msikiti, na fundi mpaka leo hajui sababu. Ile ploti ya chini aliipanda nduma na migomba, mimea ipendayo maji, ikastawi ajabu, na dalali ndiye aliyekuja kununua wa kwanza. Bwana Shamba alimpa fungu kubwa na hakutaka malipo, wala hakumweleza kwa nini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, baridi ikiwa ndiyo kwanza inashuka mlimani, nikawasindikiza. Tulifika saa nne asubuhi. Dada alikuwa ameniambia kwamba fundi alimaliza kupaka rangi jana yake, na kwa kweli harufu ilitupokea kabla ya mlango. Bwana Shamba alitangulia, akafungua madirisha yote kwa haraka, akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, uso umemkauka.

Mwalimu aliingia taratibu. Alikwenda jikoni, akaitazama kila rafu. Akaenda chumbani, nikamsikia akifungua dirisha moja, kisha la pili, kisha akalirudia la kwanza. Aliporudi aliushika mwimo wa mlango ili ajiegemeze, na rangi ya maziwa ikambaki vidoleni. Niliiona. Mumewe alikuwa akitazama sakafu. Mwalimu akauingiza mkono ndani ya leso, akaufuta humo humo, akausahau huko.

"Mzee," akasema, "umeitunza. Mwaka mzima... haina mtu, na ni kama... imeisha jana."

"Ni hii hewa ya chumvi," Bwana Shamba akajibu bila kuinua macho. "Inahifadhi rangi."

Hewa ya chumvi, inayokula mabati na bawaba mpaka milango ianguke! Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, na sijui kama nilikuwa nacheka. Siku ya nne, asubuhi niliyokuwa narudi Meru, Mwalimu alinifuata barazani, akaketi, akanyoosha miguu juani. Akaniuliza kama binti yangu bado yuko kwenye ile ofisi yake, kama bado anasoma vitabu au siku hizi ni simu tu, na kwa nini asichukue likizo aje kukaa naye huku wiki mbili wale nduma za mzee. Lilikuwa swali refu, na alilisema lote kwa pumzi moja.